Nyumba ya Mchunu Inapata Picha

Fundi Gatsheni alikuwa juu ya bati, ameikumbatia antena, akiigeuza polepole kuelekea upande wa mto. MaZondi alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Ndani, mumewe Mchunu alikuwa amelala ubavu kitandani, macho kwenye televisheni.

"Imekuja?" Gatsheni aliuliza kutoka juu.

"Imekuja?" MaZondi alimuuliza mumewe.

"Haijaja. Mwambie ageuze kushoto."

"Anasema ugeuze kushoto."

"Kushoto kwangu au kwake?"

"Kwako au kwake?"

"Kwa mnara," alisema Mchunu, akashikwa na kikohozi.

Walikuwa na kazi hiyo tangu chai ya asubuhi. Kuku walishazoea kishindo cha bati, wakarudi kuchakura chini ya ngazi. MaZondi alikuwa na nguo zake kwenye beseni, zimelowa tangu jana yake, na alizitupia jicho kila alipotoka mlangoni. Shingo ilimuuma kwa kupeleka maneno ndani na nje.

Serikali ilikuwa imezima picha za zamani. Zile za zamani zilikuwa na chenga, na mvua ikinyesha msomaji wa habari alikuwa na vichwa viwili, lakini ilikuwa picha. Sasa kila nyumba katika bonde la Esihosheni ilikuwa imepewa kisimbuzi kipya bila malipo. Cha Mchunu kilikaa juu ya kabati, juu ya kitambaa alichofuma MaZondi mwenyewe, na kilijua kuandika maneno mawili tu kwenye kioo cha buluu: hakuna mawimbi.

Mchunu alikuwa amechimba dhahabu ya wenzake ujana wake wote, na vumbi la mgodini lilikuwa limebaki naye kifuani. Daktari wa zahanati alishamwambia MaZondi ukweli, akiwa anaangalia dirisha badala ya kumwangalia yeye. Mapafu yalikuwa yamekwisha. Mchunu mwenyewe alijua, wala hakulalamika. Alitaka kitu kimoja tu, kutazama taarifa ya habari na mpira mpaka siku yake ifike. Hakutaka kufa akitazama ukuta. Alilisema hilo mezani kama mtu anayeomba chumvi, na MaZondi akalibeba moyoni, likawa halimtoki.

Gatsheni alishuka ngazi, akajifuta jasho, akatoa simu mfukoni. Jina lake lilikuwa Mfanafuthi Ndlovu, lakini watu walimwita kwa jina la sifa la ukoo wake, kama inavyostahili mtu mzima anayekupandia juu ya paa. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba aliiamini simu yake kuliko macho yake.

"Mama, hapa picha ipo," alisema.

"Ipo wapi?"

"Hapa. Tazama ramani. Kijani. Nyumba ya Mchunu, Esihosheni, mawimbi mazuri sana. Siyo mazuri tu, mama. Mazuri sana."

"Iambie basi ikamwonyeshe mume wangu Macingwane huko ndani. Anaisubiri."

Gatsheni alicheka kidogo, kisha akaacha. MaZondi alimwonyesha mlima wa Odwaleni, uliokaa katikati ya bonde na mnara kama shangazi aliyekaa mlangoni pa jikoni. Alimuuliza kama hiyo ramani inaujua huo mlima.

"Inaujua vizuri. Imepigiwa hesabu yote, urefu wa mnara, urefu wa mlima, mpaka miti. Imetengenezwa na watu waliosoma."

"Na imeshakuja hapa?"

"Haina haja ya kuja, mama. Ndiyo uzuri wake."

Lilikuwepo dishi. Ofisi ya wilaya ilikuwa na madishi yamejaa ghala, ya bure, yanayoshika picha kutoka angani moja kwa moja bila kujali mlima wa mtu. Lakini dishi lilikuwa la wale ambao mashine ya ofisini imesema hawapati. Waliopata walipewa kisimbuzi na antena, na kuambiwa hongera. MaZondi alishapiga simu mpaka binti wa ofisini akaijua sauti yake. Kununua dishi dukani hakukuwa jambo la kuzungumzia katika nyumba ambayo hewa ya kupumua yenyewe ilikuja kwenye mtungi.

Gatsheni aliikuza ramani kwa vidole, akakunja uso.

"Ajabu hii," alisema, ingawa sauti yake haikuwa na ajabu yoyote. "Mbona nyinyi mko kule juu?"

Kile kitone cha nyumba ya Mchunu kilikuwa mgongoni mwa Odwaleni. Akaangalia vingine. Nyumba ya Ngubane ilikuwa juu. Nyumba ya Zulu wa dukani ilikuwa juu. Bonde zima lilikuwa limekaa mlimani, limejipanga vizuri, la kijani.

"Kule tulikuwa," alisema MaZondi. "Kabla ya malori."

Mwaka wa malori MaZondi alikuwa bibi harusi, hata hina ya ndoa haijafutika, kama wasemavyo wengine. Serikali ya wakati ule ilisema ardhi ya mlimani inachoka, na watu wakae bondeni kwa mistari. Mchunu alikuwa mgodini. Baba mkwe alikuwa ameshakufa, amezikwa kando ya zizi. Kwa desturi, familia ikihama huwachukua wazee wake waliokufa. Huchinjwa mbuzi, mwanamume wa nyumba hukata tawi la mti wa umlahlankosi, huwaita wazee kwa majina, na kuwaongoza njiani mpaka makao mapya. Wazee hupanda kwenye tawi lile. Siku ile polisi alisema lori haliwezi kusubiri mbuzi. Waliobaki nyumbani walikuwa wanawake, na mwanamke aliyeolewa hawezi kuwaita wazee wa mume. MaZondi alipakia masufuria. Hakuna aliyewaarifu wazee.

"Twende tukaangalie," alisema Gatsheni. "Nikipima kule, nitajua kama ramani ni nzima."

Mlima ule sasa ulikuwa na uzio wa shamba la misonobari, na geti lenye kufuli. Walipita chini ya waya, MaZondi akiishika nguo yake isichanike. Magoti yake yalilia njia nzima. Katikati ya kilima alikaa juu ya jiwe na kuwaza nguo zake kwenye beseni.

Mahali pa zamani palikuwa pamebaki miduara ya mawe iliyofika magotini, na zizi la mawe lililokuwa bado limesimama. Wafu wa nyumba ya Mchunu walikuwa wamekaa ndani ya zizi, wanaume upande wa kulia, wanatazama televisheni. Televisheni yenyewe haikuwepo. Picha ilikaa kwenye ukuta wa zizi, juu ya mawe, safi, rangi zimetulia. Yalikuwa mashindano ya mapishi.

"Anapima chumvi kwa kijiko," mzee mmoja alilalamika. "Huyo hajawahi kupika."

MaZondi alijitanda taulo yake mabegani kwa heshima, akafunika kichwa vizuri, akapiga magoti nje ya lango la zizi na kuangalia chini. Mke wa nyumba haingii zizi la baba mkwe, na kifo hakikuwa kimebadilisha jambo hilo. Sauti aliisikia yote. Picha hakuiona, isipokuwa rangi zilizokuwa zinacheza kwenye nyasi karibu na mikono yake.

Gatsheni alibisha hodi kwa heshima, akawataja wazee wake, akakaribishwa. Alitoa kipima mawimbi, akakielekeza huku na huku.

"Tisini na nane kwa mia," alisema kwa sauti ya mtu aliyesingiziwa kisha akasafishwa jina. "Unaona, mama? Haijakosea hata kidogo."

"Nani huyo?" aliuliza baba mkwe.

"Fundi, baba," alisema MaZondi.

"Mkamwana. Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Umezeeka."

"Ndiyo, baba."

"Huyu fundi anaweza kupunguza sauti? Yakija matangazo inapanda, inatutoboa masikio."

Gatsheni alieleza kwamba hilo linatoka kituoni kwenyewe, na kwamba watu wote wanalalamika. Mzee alisema basi.

MaZondi alikuwa amechoka, na alikuwa na hasira, na hakujua hasira hiyo aielekeze kwa nani hapo palipojaa watu wa kuheshimiwa. Mwishowe alizungumza na nyasi.

"Baba, mwanao anaumwa. Hamalizi mwaka huu. Anataka kuona picha, na kule bondeni haifiki. Mashine ya ofisini inahesabu nyumba yetu ni hapa, kwa sababu nyinyi mko hapa. Tukija kuwachukua na tawi, kwa mbuzi na kwa pombe, mkashuka nasi, labda itatuhesabu kule chini. Ikituona tumekosa, tutapewa dishi."

Sauti ya mapishi iliendelea. Mtu alishinda, watu wakapiga makofi.

"Unataka sisi tukose ili nyinyi mpate," alisema baba mkwe.

"Ndiyo, baba."

Mzee hakukasirika. Aligeuka kuwashauri wenzake, wakanong'ona, na mmoja akasema tena habari ya chumvi. Kisha akarudi kwake.

"Mandlakayise nampenda. Ni mwanangu. Lakini sisi hatuhami, mkamwana. Tuliwaona mlivyopanda lori. Tumekaa hapa juu tumewaona miaka yote, tumeona anayehama anafika wapi. Mwambie apande yeye."

"Kifua chake hakipandi, baba. Na kuna kufuli getini."

"Kufuli tumeliona," alisema mzee, na macho yake yakarudi ukutani, maana taarifa ya habari ilikuwa inaanza.

Waliteremka. Gatsheni alimwahidi kwamba ataandika ofisini aliyoyaona, na kweli aliandika, kwamba vipimo vimethibitisha ramani.

Mchunu alisikiliza habari yote akiwa ameegemezwa na mito. Aliuliza nani yuko pale, akatajiwa. Aliuliza kama baba yake anaonekana mzima.

"Mzima. Analalamikia matangazo."

"Wanaona na mpira?"

"Wanaona kila kitu."

"Baba hakuwahi hata kuupenda mpira," alisema Mchunu. Aligeukia ukutani, akavuta blanketi mpaka sikioni, na MaZondi akajua analia. Alitoka nje akazifua zile nguo kwa nguvu kuliko zilivyohitaji.

Kesho yake alipiga simu ofisini. Binti wa huko alikuwa na sauti ya upole iliyochoka, sauti ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mama, kule mlimani picha inaonekana."

"Inaonekana. Waliokufa ndio wanaotazama."

"Waliokufa ni wa nyumba ya Mchunu?"

"Ndiyo."

"Basi nyumba ya Mchunu inapata, mama."

"Mwanangu, mimi na mume wangu tuko bondeni."

"Mko nyumba ya nani hapo?"

"Ya Mchunu."

"Ndivyo ninavyosema, mama. Mashine inahesabu nyumba. Siyo mimi ninayehesabu. Ingekuwa mimi ningekupa hata mawili."

MaZondi alimwamini. Alimshukuru, akakata simu, akakaa na simu mapajani. Kwa mara ya kwanza aliwaza kwamba hakuna mtu wa kugombana naye, na hilo lilimchosha kuliko mlima.

Tangu siku hiyo alimsimulia mumewe habari mwenyewe, za redioni na za dukani, na nyingine akazibuni. Alibuni mechi nzima ya Jumapili. Mchunu alisikiliza kwa adabu. Mwishoni alimwambia kwamba mlinda mlango hawezi kufunga mabao matatu, lakini asante.

Majira ya baridi alipelekwa hospitali ya mjini kwa pikapu ya Gatsheni, maana gari la wagonjwa lilikuwa limeahidiwa kwa wengi. Wodini palikuwa na televisheni, kubwa, mpya, imefungiwa ndani ya kasha la chuma isiibiwe. Ufunguo alikuwa nao muuguzi wa zamu nyingine. Mchunu alilala akilitazama kasha hilo siku zote alizobakiwa nazo, na muuguzi wa zamu nyingine hakuja, kwa sababu alikuwa likizo. Alikufa asubuhi, chai inagawiwa. MaZondi alikuwa ameushika mkono wake.

Mtu akifia mbali na nyumbani, mwili husafiri peke yake na roho hufuatwa na tawi. Mwanawe Phakamani alikuja kutoka Johannesburg, akakata tawi la umlahlankosi, akaenda hospitali na Gatsheni. Alisimama kando ya kitanda, ambacho tayari kilikuwa na mgonjwa mwingine, akamwomba radhi mgonjwa huyo na kumwambia baba yake kwamba amekuja kumchukua. Mchukuaji wa tawi hasemi na mtu njiani. Husema na marehemu tu, humwarifu kila kona. Sasa tunatoka mjini, baba. Sasa tunavuka mto.

MaZondi alikuwa nyumbani, amekaa chini juu ya godoro kama mjane anavyokaa, ukuta mgongoni, wanawake wa jirani wakiwa wanamenya maboga uani. Alisikia pikapu ikiingia. Phakamani alipita kimya, akaingia kwenye kibanda cha duara mpaka nyuma kabisa, mahali pa wazee, akalilaza tawi. Alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Tawi lilikuwa tawi tu, majani na miiba. MaZondi aliliona kwa mbali akajua hakuna mtu juu yake.

Gatsheni alikuja kuchuchumaa mlangoni, kofia mkononi.

"Alishuka, mama," alisema. "Njia panda ya Odwaleni. Kijana alimwambia, baba, sasa tunapinda kuja bondeni. Baba yake akasema nisimamishe gari."

"Akashuka vizuri?"

"Vizuri sana. Akapita chini ya waya kama mtoto. Hakukohoa hata mara moja."

"Alisema kitu?"

Gatsheni aliigeuza kofia yake.

"Alisema mpira umeshaanza."

MaZondi aliitikia kwa kichwa. Alijisikia ameachwa, na alijisikia amefurahi kwa ajili yake, na viwili hivyo vilikaa pamoja kifuani bila kusogezana. Aliomba maji ya kunywa. Uani wanawake waliendelea na maboga.

Mwili wa Mchunu ulizikwa bondeni, kando ya zizi dogo la nyaya, kwa nyimbo na kwa ng'ombe mmoja. Yeye mwenyewe hakuhudhuria, maana ilikuwa Jumamosi.

Baadaye Mchunu alianza kushuka asubuhi, siku ambazo televisheni ilikuwa na vipindi vya watoto. Alimkuta MaZondi akifagia ua, amevaa nguo zake nyeusi za ujane, akakaa juu ya tofali karibu na ngazi ya Gatsheni, ambayo ilikuwa imesahauliwa pale. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimsimulia habari zote kwa mpangilio, za nchi, za hali ya hewa, kisha mpira, na mwishoni alilalamikia matangazo. MaZondi alimwekea maziwa mgando ambayo hakuyanywa. Mara moja alimwomba akae mpaka usiku.

"Huku hakuna kitu, MaZondi," alisema Mchunu kwa upole. "Panda wewe."

"Nitakaa wapi kule? Nje ya zizi?"

Mchunu alifikiri sana. Alisema atazungumza na baba yake. Baada ya hapo hawakuligusa tena jambo hilo, na MaZondi alielewa kwamba amezungumza naye.

Siku moja simu iliita akiwa anapika. Alikuwa yule binti wa ofisini.

"Mama Mchunu, habari za siku nyingi. Nafuatilia lile lalamiko lenu la zamani, wanataka tufunge yote kabla ya mwezi kuisha. Mume wako yupo?"

"Yuko Odwaleni."

"Pole na kazi. Yeye anaipata picha sasa?"

MaZondi aliangalia chungu, akaangalia kisimbuzi kwenye kitambaa chake. Alikuwa na maneno mengi, na aliyahesabu jinsi yatakavyopita kwa binti huyu na kufika kwenye mashine na kurudi vilevile.

"Anaipata," alisema.

"Vizuri?"

"Vizuri sana. Hata mvua ikinyesha."

"Nashukuru, mama. Nimefurahi kusikia hivyo. Basi nafunga."

"Funga, mwanangu."

Asubuhi iliyofuata Mchunu alikuja mapema. MaZondi aliweka ufagio pembeni, akakaa naye, akauliza wamesema nini kwenye habari.

"Wamesema kazi imekwisha. Nchi nzima sasa inapata picha, kila nyumba, mpaka ya mwisho. Waziri alikata utepe."

"Na mpira?"

"Sare," alisema Mchunu, akainuka kuondoka, maana vipindi vya watoto vilikuwa vinakwisha.